Samaki anapimwa joto kila saa, mkono unaomkata je?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nao wasikilize, maana sehemu ya lawama ni yao.

Kiwanda cha minofu hakikosi karatasi ya mtu wa ubora, yaani anayekagua usalama wa samaki. Ina mistari ya saa, joto la samaki anapopokewa, joto la chumba, kiwango cha klorini kwenye maji, na sahihi ya aliyepima. Karatasi hiyo haikuja kwa hiari. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya kipindupindu, baadaye kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Viwanda vikalazimika kupima, kuandika na kurekebisha, na vimejifunza vizuri kweli. Leo mnofu ukianza kupata joto, kuna mtu anakimbilia barafu.

Hoja yetu ni moja tu: utaratibu huohuo uwekwe kwa mfanyakazi. Apimwe, iandikwe, na kasoro irekebishwe siku hiyohiyo. Semina ya siku moja, fulana za Mei Mosi na soda za kufunga mwaka hatuzipingi, ila hazimsaidii mtu anayeamshwa usiku na ganzi ya vidole.

Tuanze na kisu. Mkata minofu hukishika karibu siku nzima: anapasua nyuma ya shavu la samaki, anafuata uti wa mgongo hadi mkiani, anageuza, anarudia upande wa pili, anachuna ngozi. Kisu kikiwa butu, mtu hukibana zaidi na kukisukuma kwa kifundo cha mkono badala ya kuacha makali yafanye kazi. Kwa samaki mmoja haoni tofauti. Anaiona baada ya miezi. Kano za kifundo zinavimba kwa ndani, zinaubana mshipa wa fahamu unaopita katikati yake, na dalili ya kwanza ni ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Mtu anaamka akiukung'uta mkono. Kidole cha mwisho kwa kawaida hubaki kizima. Nacho kikifa ganzi, tatizo huenda liko kwenye kiwiko au shingo. Asipopewa nafuu mapema, nyama iliyo chini ya dole gumba huanza kunywea, na hapo hata upasuaji haurudishi nguvu zote.

Kunoa kuna kazi mbili ambazo huchanganywa. Kinoo kinakula chuma na kutengeneza makali mapya. Fimbo ya chuma inanyoosha makali yaliyolala, basi. Kisu kilichokwisha makali hakiponi kwa fimbo hata ukisugua asubuhi hadi jioni, na kisu kizuri kikipelekwa kwenye kinoo kila saa kinamalizika kabla ya wakati wake. Utaratibu unaofaa ni kila mkata minofu awe na visu viwili vyenye namba yake, kimoja mkononi na kingine kwa mnoaji, vibadilishwe kila mapumziko. Laini moja, yaani safu moja ya meza za kukatia, iwe na mnoaji mmoja aliyefunzwa, mwenye kinoo cha punje kubwa na cha punje ndogo, anoe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Fimbo ibaki mezani, mipapaso mitano au sita kila baada ya samaki kadhaa. Kisu kilichonolewa sawasawa kinapasua ukurasa wa gazeti hili ulioshikwa kwa mkono mmoja bila kuuchana. Mnoaji afanye jaribio hilo chumbani kwake, si kwenye laini.

Kwa nini haya hayafanyiki? Kwa sababu palipo na malipo ya kilo, dakika ya kunoa inatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Anaendelea na kisu butu kwa kuwa hesabu yake ya siku inamlazimisha. Kunoa kukiondolewa mikononi mwake, sababu hiyo inakwisha, na kiwanda hakipotezi kitu: kisu butu huacha nyama kwenye mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), na mnofu uliochanika hushuka daraja.

Baridi ni ndugu wa kisu butu. Sangara yuko kwenye barafu, karibu na nyuzi 0. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole hupoteza wepesi na hisia, na mtu hubana mpini kwa nguvu zaidi ili usimponyoke. Mkono unaoshika samaki huvalishwa glovu ya pamba ndani, ya waya katikati, ya mpira nje. Hiyo ya pamba ndiyo inayoharibu mambo. Ikishalowa haikingi baridi, inaikumbatisha mkono. Kila mtu apewe jozi tatu kwa zamu, abadilishe kila mapumziko, na zifuliwe kiwandani. Jozi ya pamba ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo chumbani mle. Kwenye chumba cha mapumziko kuwe na karai au sinki la maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 (kidole chenye ganzi hakijui kama kinaungua), dakika tano zinatosha kurudisha damu.

Na kupima kunawezekana leo, bila kununua chochote. Kipimajoto cha kumulika alichonacho mtu wa ubora kinasoma ngozi ya kidole vilevile. Kila saa mbili achague watu watatu kwenye laini, wavue glovu, amulike ncha ya kidole cha kati papo hapo, aandike. Chini ya 15, laini hiyo iende ikapashe mikono moto. Mnofu wa samaki unafanyiwa hivyo, kwa nini kidole kisifanyiwe?

Meza nazo zimepangwa kwa urefu mmoja, watu hawalingani. Kwa kazi ya kukata na kusafisha minofu, uso wa meza uwe chini ya kiwiko kwa sentimita 5 hadi 10. Ikiwa juu zaidi, bega linapanda na shingo inakaza. Ikiwa chini zaidi, mgongo unapinda. Meza ipangwe kwa mtu mrefu kuliko wote, wengine wawekewe majukwaa ya plastiki yenye matundu, ya sentimita 5, 10 na 15, mapana kiasi cha mtu kusogeza mguu bila kuanguka. Kreti ya samaki iliyopinduliwa si jukwaa. Inateleza, na anayeanguka anaanguka na kisu.

Kubadilishana kazi kunasifiwa sana, lakini kuna kubadilishana kwa jina tu. Ukimtoa mtu kwenye kukata ukampeleka kwenye kuchuna ngozi, kisha kusafisha minofu, amebaki na kisu kilekile na kifundo kilekile. Atoke kwenye kisu aende kwenye mizani, kupanga kwenye maboksi au kuweka lebo, kwa saa moja hadi mbili, ndipo arudi. Na ujira wake wa siku usishuke kwa sababu hiyo. Ukishuka, hakuna atakayekubali kubadilishwa, na hatutamlaumu.

Jambo linalofuata watu wanaona haya kuliandika, nalo ni choo. Ili mfanyakazi wa laini aende chooni lazima avue glovu zote, aproni, koti na gambuti, avae viatu vingine, atoke, arudi, anawe, akanyage dawa, avae upya. Ni dakika kama kumi. Msimamizi anakunja uso, wenzake wanaelemewa, kilo zinapungua. Matokeo yake wengi, hasa wanawake, hawanywi maji tangu asubuhi. Hapo ndipo yanapoanzia maumivu ya kichwa, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito maambukizi hayo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Dawa yake ni mtu wa akiba: katika kila kundi la watu 15 hadi 20, mmoja asipangiwe meza, kazi yake iwe kushika nafasi ya anayetoka. Asiulizwe mtu anakwenda kufanya nini. Vyombo vya kuhifadhia taulo za kike viwepo, na maji ya kunywa yawekwe mahali ambapo mtu hahitaji kuvua kila kitu ili ayafikie.

Klorini inatumika kila siku na inakosewa kila siku. Kosa kubwa ni kupima kwa kikombe na kwa pua. Kwa maji ya kukanyagia kwa gambuti mlangoni, ya kiwango cha miligramu 200 kwa lita, pipa la lita 100 linahitaji gramu 20 za klorini yenyewe; kama unga wenu ni wa asilimia 65, hiyo ni gramu 31 hivi za unga, upimwe kwa mizani ndogo. Unga utiwe kwenye maji, si maji kwenye unga. Anayetia kikombe kizima "ili iue vizuri" haongezi usafi, anaongeza macho mekundu, kikohozi na mikono iliyobabuka. Sakafu yenye mafuta ya samaki ioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, isuuzwe, ndipo klorini ipite. Juu ya mafuta klorini inakwisha nguvu, na utelezi unabaki palepale. Na klorini isikutane kamwe na asidi inayotumika kuondoa kutu na magadi yaliyoganda. Zikichanganyika hutoa gesi inayounguza mapafu. Zitunzwe stoo mbalimbali, zibebwe kwa ndoo za rangi tofauti.

Mpira wa maji wa presha ni hatari ambayo haisemwi. Ukipiga maji kwa nguvu kwenye meza yenye mabaki ya samaki, yanarushwa hewani matone madogo yenye protini ya samaki, na baadhi ya watu hupata pumu kwa kuyavuta. Swali la kumuuliza mwenye kikohozi kisichoisha ni hili: siku za mapumziko kifua kinakuwaje? Kama kinapata nafuu nyumbani na kubana tena kazini, ni ugonjwa wa kazi mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Presha ipunguzwe, na kuosha kufanyike watu wakiwa wameshatoka.

Palipo na mitambo ya baridi ya amonia, pua isitegemewe, maana inazoea. Kikomo cha kawaida kwa zamu ya saa 8 ni sehemu 25 za amonia kwa milioni za hewa. Kwenye 300 ni hatari kwa uhai. King'ora kiwekwe kwenye chumba cha mitambo na kwenye njia ya kutokea. Mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli kwa kuogopa wizi wa minofu au mabondo (vibofu vya hewa vya samaki). Anayeogopa wizi aweke kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Amonia ikivuja, watu hukimbia kwa kukata upepo, yaani kwa pembeni yake, na hapa ziwani upepo una zamu zake: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unarudi ziwani. Kituo kimoja cha kukusanyikia hakitoshi. Viwe viwili, pande mbili, na bendera ya upepo juu ya paa inayoonekana hata usiku.

Sasa saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inajulikana, ila inasomwa nusu nusu. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Pamoja na za ziada, siku isizidi saa 12, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zilipwe mara moja na nusu. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apumzike angalau dakika 60. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangiwi usiku.

Kinachovunja yote hayo ni maneno matatu: "mpaka samaki waishe". Boti imechelewa visiwani, gari limeingia jioni, basi walioingia asubuhi wanashikiliwa hadi usiku wa manane. Samaki aliyefunikwa barafu sawasawa anaweza kungoja usiku mmoja. Mkono uliochoka haungoji, unajikata. Kiwanda kiwe na kikosi cha pili kinachoitwa mapema kwa simu, na gari la kampuni lipeleke watu hadi vituo vya Buzuruga, Igoma na Nyakato, kwa kuwa daladala za saa hizo ni za kubahatisha, na mwanamke kutembea peke yake gizani si jambo la kuachwa kwenye bahati. Dakika 60 za sheria hazitoshi pekee kwa kazi hii ya baridi. Tunashauri ziongezwe dakika tano za kupasha mikono kila saa, zilipwe.

Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Mtoto akiwa Kisesa au Buhongwa, saa hizo zinaishia barabarani. Kuna njia mbili zinazowezekana: kumruhusu aondoke saa mbili mapema, au kumpa chumba safi karibu na geti, chenye kiti, sinki na friji ndogo ya kuhifadhi maziwa aliyokamua. Kwenye joto la nyuzi 25 maziwa hukaa salama muda wa saa nne tu, na mchana wa Mwanza mara nyingi unapita hapo. Tunapendelea friji. Viwanda hivi vinajua baridi kuliko mtu yeyote mkoani.

Getini asubuhi kuna jambo zito zaidi. Vibarua wamejipanga, mtu mmoja ndiye anayenyoosha kidole, wewe ingia, wewe baki. Mamlaka ya namna hiyo mikononi mwa mtu mmoja huzaa rushwa, na kwa wanawake huzaa rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa bure namba 113. Lakini kabla ya kufika huko, mwajiri anaweza kuifunga njia: orodha ya majina yenye namba, inayozunguka kwa zamu, ibandikwe jana yake jioni, isainiwe na watu wawili, mmoja akiwa mwakilishi wa wafanyakazi. Anayerukwa aandikiwe sababu.

Kuna pia vipimo vya afya. Mfanyakazi anapimwa choo na magonjwa ya kuambukiza ili asimchafulie mlaji samaki, kisha anaambiwa afya yake imeangaliwa. Kipimo hicho ni cha kumlinda mlaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inadai uchunguzi wa mfanyakazi mwenyewe kulingana na hatari ya kazi yake: mikono na vifundo kwa wakata minofu, pumzi kwa waoshaji na wanaoshika klorini, masikio kwa walio kwenye mitambo na mashine za barafu. Apimwe anapoanza, apimwe kila kipindi, apimwe anapoondoka. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua kazi imemwondolea kiasi gani.

Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi ana fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Kwa ajali, mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa tangu apate habari. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba kidole kilifungwa bandeji, kazi ikaendelea, hakuna aliyeandika. Miezi miwili baadaye kidole hakikunji na hakuna karatasi hata moja. Kila mkato, hata wa bandeji, uandikwe kwenye daftari la huduma ya kwanza: saa, meza, kisu namba ngapi, saa ya ngapi ya zamu. Baada ya mwezi daftari hilo litawaonyesha meza gani inakata watu na saa gani wanakatika.

Kwa viongozi wa matawi tunasema hivi. Mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, ukija mezani, mazungumzo yanaishia kwenye nyongeza ya mshahara na rambirambi za msiba. Mshahara ni haki, utetewe. Ila visu viwili kwa mtu, jozi tatu za glovu za pamba, mtu wa akiba kwa kila watu 20, na gari la usiku ni mambo yanayoandikika kwenye mkataba uleule, kwa idadi, na mwajiri akayakubali kwa urahisi kuliko asilimia za mshahara. Mahali penye wafanyakazi zaidi ya wanne sheria inataka mwakilishi wa usalama na afya. Awe mtu wa laini anayeshika kisu, asiwe mtu wa ofisini aliyepewa kofia ya ziada.

Karatasi tunayoiomba ni ukurasa mmoja, ubandikwe pembeni ya ule wa samaki: joto la vidole vya watu watatu kila saa mbili; visu vilivyobadilishwa; glovu zilizotolewa; mikato; saa ambayo kila kikosi kilipumzika na saa kilipotoka. Wajaze wawili, mtu wa ubora na mwakilishi wa wafanyakazi. Nakala ya wiki iende kwa meneja siku ya Jumatatu, na mkaguzi wa OSHA akifika aanze kwa kuuomba ukurasa huo kabla ya kuonyeshwa cheti cha usajili kilichotundikwa mapokezi.

Ni sisi wasomaji wako,
tunaofuatilia afya na usalama kazini,
Nyakato, Mwanza.